Manevre ya Muzee Mushagalusa

Muzee Mushagalusa wa Katoyi alikuwa na hadithi moja tu, nayo ilikuwa na magurudumu sita. Ujana wake wote aliumalizia Kalemie, akiendesha mashini za moshi za kupanga mabehewa: fupi, zenye tumbo, maji zimeyabeba ubavuni. Wafanyakazi waliziita kobe. Zilikuwa nane. Hazikusafiri popote, zilisukuma behewa huku, zikavuta lingine kule, mpaka treni ya safari ikakamilika, na sifa akapewa dereva wa safari. Moja ilitumbukia ziwani, mbili zikachunwa vipuri, na mashini za mazutu, yaani dizeli, zilipofika, zilizobaki zikakatwa vyuma. Mimi nauza vyuma chakavu, nikamuuliza kilo ilienda bei gani. Akanyanyuka, akaenda zake.

Mwaka jana alitaka kumuoa Mama Généreuse, mjane anayeuza maharagwe Majengo. Akaniomba nimsemee kwa ndugu za huyo mama, maana kushusha bei nakujua. Nikamwonya: mashini zibaki Kalemie.

Kaka ya mama huyo, Kakule, alitupokea vizuri nyumbani kwa dada yake. Nilikuwa nimeshawashusha mahari kutoka mbuzi kumi na watano hadi kumi na mmoja, ndipo akauliza muzee alifanya kazi gani zamani.

"Manevre," Muzee akajibu kwa fahari. "Miaka kumi na tisa. Na hakuna mutu aliyewahi kunikamata."

Kwa watu wa reli, hiyo ni kupanga mabehewa. Hapa Goma, mutu wa manevre ni yule anayekuuzia kiwanja cha jirani yako. Kakule akasimama, akasema dada yake haolewi na tapeli, akaelekea mlangoni.

Hakutoka. Chukudu tatu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba makala ya kupikia, zilikuwa zimebanana kwenye kichochoro cha nje, kati ya kuta za mawe ya volkano, kila mwenye yake anangoja mwenzake arudi.

Muzee akatoa filimbi kotini. Mlio mmoja ni nyuma, miwili ni mbele. Ya kwanza akaiingiza uani kando ya jiko, ya pili akaipitisha, ya tatu ikafuata, ya kwanza ikatoka. Njia nyeupe.

"Manevre ni hiyo, papa," nikamwambia Kakule haraka, kabla muzee hajaanza na zile kobe nane.

Kakule alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwona dada yake anavyomtazama muzee, akapandisha mbuzi tena hadi kumi na watano. Simlaumu, ningefanya hivyo hivyo.

Mama Généreuse akaichukua filimbi ya muzee, akapiga mara moja.

"Kakule," akasema. "Nyuma."

Akarudi kumi na mmoja.