Unyevu wa Mahindi ya Bumula

Jerop, jirani yangu hapa mtaa wa Tuwan, Kitale, alianza kusomea programu za kompyuta akiwa na miaka thelathini na minane na watoto watatu. Tulimcheka, sikatai. Alikuwa akisonga ugali huku midomo ikisema "int, float, char", mpaka mumewe Wekoye akamuuliza kama ameanza kunena kwa lugha.

Mwezi wa nane wakaenda Bumula kumsaidia mama mkwe kuvuna, laptopu begani. Mama Wekoye hupima ukavu wa mahindi kwa kuuma punje na kusikiliza. Siku ya kuyafunga, aliuma tatu.

"Bado, mwanangu," akasema. "Rakini wewe ndiye umesoma. Pima."

Jerop akachomeka kipimo cha unyevu cha kuazima kwenye gunia, kikaonyesha asilimia 13.9. Unyevu ukizidi 13.5, mahindi huota kuvu ghalani. Akaandika kwenye programu yake: int unyevu = 13.9, kisha akaiamuru ionyeshe jibu kwa alama ya %d. Skrini ikamjibu: Unyevu 13. Weka ghalani.

Hakushtuka kuona 13.9 imegeuka 13. Sisi huku tunahesabu gunia zima na debe zima, vipande vidogo ni vya nani? Tena alikuwa amelewa furaha, mashine inamtii mbele ya mama mkwe! Jumamosi hiyo wakafunga magunia ishirini na mawili, chakula cha mwaka mzima, yeye na mumewe wakarudi Kitale.

Jumatatu mwalimu wake wa kompyuta, Ngari, akaeleza darasani kwamba int huhifadhi namba nzima tu. Ukiipa yenye nukta, hukata kilicho baada ya nukta bila kukuambia neno. Unyevu ulitaka float, inayohifadhi namba zenye nukta, na uchapishwe kwa %f. Jerop alitoka mbio hata daftari akasahau. Nilimkuta langoni kwangu analia, simu ameiweka spika, na kicheko changu chote kikaniisha. Nilimhurumia sana.

"Mama, nimekosea. Si mashine, ni mimi. Yale mahindi hayajakauka, tafadhali yafungue yaanikwe tena."

"Yako juani tangu jana," Mama Wekoye akajibu. "Nilitoka kanisani nikayamwaga yote."

"Peke yako? Magunia ishirini na mawili? Si ungenikataza tu siku ile, Mama!"

"Ningekukataza mbele ya bwana yako, ungeacha shule."

Jerop akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi, akalia upya, na safari hii nikakaa naye.