Friza ya Uzazi

Mimi si Mchagga. Nimekulia kwenye makambi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kule chini kwenye joto, ambako mwanamke akijifungua anapewa uji wa pilipili manga siku tatu nne, kisha anarudi kwenye ndoo zake za maji. Kwa hiyo nilipoolewa Uru, kwa Wachagga, na kuambiwa kwamba huku mzazi hukaa ndani miezi mitatu, hafagii, hachoti maji, hashiki mwiko, kazi yake kula na kunyonyesha tu, nilicheka sana. Nilimwambia mume wangu kwamba basi nitazaa kila mwaka.

Yeye ni mpishi wa watalii mlimani, na nadhani kuwapikia wageni supu kila jioni kumemfanya aamini kwamba kila jambo duniani linataka akiba. Mimba ilipofika miezi saba akaanza kujaza friza. Alinunua mifupa ya ng'ombe yenye nyama kidogo, ile ambayo watu wa bucha huiuza kwa bei ya kutupa, akaipanga kwenye makopo ya majarini yaliyokwisha. Mama yake akamenya ndizi mshare za kihambani, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akazikata, nazo zikagandishwa. Kabatini kulikuwa na vitunguu, karoti na kopo la samli. Vyote hivyo vilikuwa vya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama ambayo huku ndiyo chakula cha mzazi, kwa sababu wanasema inaleta maziwa.

Mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume. Nilipewa nimshike kwa muda mfupi, kisha mume wangu na baba yake mdogo wakaenda kumzika kihambani kabla mimi sijatoka hospitali, maana mtoto wa namna hiyo hazikwi kwa kengele wala kwaya. Sikulia. Watu waliona ni ujasiri, wakanisifu. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia muda mrefu, nami nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima.

Nyumbani hakuna aliyejua anifanye nini. Mama mkwe alinifunga kifua kwa kanga, akakaza mpaka nikawa napumua kwa shida, akasema, "Supu usiguse, mwanangu. Maziwa yakija yatakutesa bure."

Alisema kweli, najua. Lakini baada ya hapo mambo yote yakafuata njia hiyo hiyo. Hakuna aliyenizuia kufagia. Siku ya tano nilichota maji, majirani wakanipita na kuniambia pole, nikaitikia. Mume wangu alipoitwa kazini nilimfulia soksi mwenyewe, nikamfungia begi, akapanda mlima na wageni wake. Sikuwa mgonjwa. Mfiwa nilikuwa nusu, kwa sababu matanga hayakuwapo. Na mzazi sikuwa. Hilo ndilo lililoniuma, pale nilipopata nguvu ya kuumwa na kitu. Nilikuwa nimebeba mtu miezi tisa, na sasa nilichukuliwa kama mwanamke aliyekwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu.

Wiki ya pili umeme ulikatika. Ilikuwa masika, nguzo ilikuwa imeanguka huko chini, na mafundi hawakuwa na haraka na sisi. Siku ya pili mchana niliona maji yanachuruzika chini ya friza. Nikafungua. Ndizi zilikuwa zimelegea na kuanza kuwa nyeusi pembeni, mifupa inatoa damu. Mtu aliyekulia kambini hatupi nyama. Hata kama ningekuwa nakufa kesho, ningeipika kwanza.

Nikawasha kuni. Niliichemsha mifupa na chumvi na vitunguu mpaka nyama ikaanza kuachia, nikaitoa. Kwenye mchuzi ule nikatia ndizi na karoti, nikafunika. Zilipolainika nikaziponda kwa mwiko, nikarudisha nyama, nikamalizia na samli. Jiko zima likanukia. Nilijua kwamba ni harufu nzuri, basi, haikunifikia.

Nyumba ya mama mkwe iko juu kidogo ya yetu, kihamba ni kimoja, na harufu ya mtori haifichiki. Bado nakoroga, akatokea mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo, mama."

Akatua majani. "Nani kakwambia upike hiyo?"

"Umeme umekatika, mama. Ingeoza."

Akachungulia sufuria. Nikasubiri kusemwa, na kusema kweli sikujali. Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akaonja, akasema ndizi bado zina mabonge, nyie watu wa miwa hamjui kuponda. Akaziponda mwenyewe kwa nguvu zake zote, muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Toka humu. Mzazi anafanya nini kwenye moshi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na maziwa je, mama?"

"Yakija tutayakamua. Nenda kalale."

Nikaenda. Saa tisa mchana, jua la baada ya mvua linaingia dirishani, nikajilaza kitandani. Akaja na bakuli na kijiko. Akanifungua ile kanga kifuani, akanifunga upya bila kukaza. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama wanavyokaa wanawake waliokuja kumwona mzazi. Nilikula kijiko cha kwanza, na cha pili. Mtori ulikuwa wa moto. Nilisikia unavyoshuka, na tangu hospitali nilikuwa sijasikia kitu chochote kinashuka.

Akaniuliza kile ambacho kila mgeni huuliza, na ambacho hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza.

"Kafanana na nani?"

Machozi yakaja yenyewe, mengi, yakaingia kwenye supu. Nikamwambia, "Pua ilikuwa yako, mama, ile ile, pana hapa chini."

Akainua mkono, akaishika pua yake kwa vidole viwili, akakaa nayo hivyo.

"Kula, mama," akasema. "Unapoa."