Zohali Alale Pale Panapovuja

Siku tulipogawiwa kibanda katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, bibi yangu alikataa kuingia. Alitandika mkeka nje, akakaa kama mtu anayengoja gari, akikohoa, huku wingu juu ya vilima limekuwa jeusi kama kitako cha chungu.

Chanzo ni mzee wa kibanda cha kwanza. Kwao Buyenzi, Bujumbura, alikula kwa falaki: unamwambia ulizaliwa lini, anakwambia nyota zako zimekaa nyumba gani za mbinguni. Mbingu ina nyumba kumi na mbili, alisema, na zinahesabiwa kuanzia mashariki. Mstari wetu nao ulikuwa na vibanda kumi na viwili, nao ulianzia mashariki. Basi watu wakamalizia wenyewe. Wale wa pili, nyumba ya mali, walikuwa na kuku mmoja na tayari walitembea kitajiri. Wa saba, nyumba ya ndoa, waligombana kila asubuhi. Sisi, wageni, tukapewa cha mwisho. Jirani hakungoja hata tutue mizigo: "Ya kumi na mbili hiyo. Kifungo, maadui wa siri, na kufukuzwa kwenu."

"Nimeshafukuzwa kwangu," bibi akasema. "Mara moja inatosha."

Nikajiapiza: leo huyu analala ndani. Kibanda kingine hakikuwepo, na kifua chake kisingestahimili mvua. Nikaenda kwa mzee.

"Shikamoo, babu. Naomba leo uhesabu kuanzia magharibi."

"Marahaba. Nyota si karata, mjukuu wangu, kwamba zikikukalia vibaya unachanganya upya."

"Sawa. Bibi akifa kwa mvua, atakuwa nyumba ya ngapi?"

"Ya nane," akajibu bila kufikiri. Kisha akaniona uso, akaweka kikombe chini.

Akanieleza kwamba kila sayari ina nyumba moja inayoifurahia, hata kama nyumba yenyewe ni mbaya. Utaridi, mwenye maneno mengi, furaha yake iko nyumba ya kwanza. "Na wewe naona umeshaanza kupazoea hapa kwangu," akasema. Ya kumi na mbili ni furaha ya Zohali: mkongwe, mkavu, wa mwendo wa pole, mpenda jembe, asiyetaka wageni. Wengine wakilia humo, yeye ndiyo kwanza anajiona mwenye nyumba.

Sikungoja amalize. Nilimrudia bibi mbio, nikamweleza neno kwa neno, nikaongeza "mlalamishi", ambalo mzee hakulisema.

"Mkongwe, mkavu, mlalamishi," bibi akarudia. "Unamsema nani?"

"Zohali, bibi."

"Mm."

Akanyanyuka, akazunguka nyuma ya kibanda. Kwa kuwa kilikuwa cha mwisho, upande ule hakukuwa na jirani, ni ardhi tupu tu. Akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole.

"Hapa maharage yanaota," akasema. "Huyo Zohali ana mke?"

"Mzee hakusema."

"Hana. Angekuwa naye, hapa pangekuwa pameshalimwa."

Matone ya kwanza yalipogonga turubai, bibi alikuwa anaburuta mkeka kuingia ndani, jembe alilolitoa kwenye mizigo likiwa kwapani. Akakagua kila pembe, akakuta moja inadondosha maji.

"Mwambie Zohali alale pale," akasema. "Mimi nalala huku."