Kamera ya Bi Pasi

Mdogo wake Bi Pasi alipofariki, familia nzima ilitafuta picha ya kuweka mbele ya waombolezaji isiipate. Si kwamba marehemu hakuwahi kupigwa picha. Kwenye simu za ndugu alikuwamo, ila kila mahali alikuwa ameinua kiganja mbele ya uso, au amegeuka, au ndiye aliyeshika simu akiwapiga wenzake. Mwishowe wakachukua kitambulisho chake wakakipeleka studio iliyo jirani na geti la hospitali, picha ikakuzwa hadi ikawa kubwa kama sinia. Uso ulitoka umevimba, macho yamefifia, mdomo umebanwa kama wa mtu aliyeamriwa asicheke. Binti wa marehemu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, aliitazama kwa muda, kisha akamgeukia mama yake mkubwa na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo siyo mama."

Mama mkubwa huyo ndiye ninayetaka kumsimulia. Sisi tunaofanya naye kazi kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali tunamwita Bi Pasi, kwa sababu wakati ule alikuwa ameshasimama miaka kumi na tisa mbele ya mashine kubwa ya kunyooshea mashuka. Yeye alikuwa upande wa kuingiza shuka, mimi upande wa kulipokea na kulikunja. Mashine ile ikinguruma hakuna mazungumzo, hivyo nilimjua kwa uso kuliko kwa maneno, tena uso wenyewe nikiuona kupitia mvuke. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mrefu, mchache wa maneno, hana mume wala mtoto wa kuzaa. Watoto wa mdogo wake ndio waliokuwa wake.

Wiki tatu baada ya maziko alikwenda studio. Mwenye studio alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka zake, tuliyemwita Mama Pasipoti, maana kazi yake kubwa ilikuwa kuwakalisha watu kwenye stuli na kuwaambia wasitabasamu. Bi Pasi alimweleza kwamba amewaharibia msiba, kwamba mtoto amemkataa mama yake mwenyewe kwa sababu ya picha ile. Mama Pasipoti alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada," akamwambia, "uliniletea picha ya ukubwa wa ukucha ukataka nikutolee mtu mzima. Mashine inakuza kilichomo. Kisichokuwamo haiwezi kukiongeza."

Bi Pasi alikaa kwenye benchi la wateja, akakaa, wateja wakaingia na kutoka, mpaka Mama Pasipoti alipoanza kufunga pazia lake la nyuma. Ndipo akamwomba amfundishe kupiga picha. Mwenzake alicheka, akamwambia hiyo siyo biashara ya kuanza mtu akishaota mvi. Bi Pasi akasema hatafuti biashara. Anataka kujua tu.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne Mama Pasipoti akachoka kumfukuza. Alitoa kwenye droo kamera ya zamani, mkanda wake wa shingoni umeungwa kwa utepe mweusi, akamwachia kwa bei ya mtu anayepunguza vitu ndani ya nyumba. Ila alimpa sharti. Asizunguke na kamera akipiga kila kinachopita. Achague kitu kimoja, akae nacho mpaka kimchoke, kisha alete picha zichambuliwe.

Kitu cha kwanza kilikuwa kiti cha jikoni kwake. Alikiweka karibu na dirisha, akakipiga kila siku akitoka kazini, majuma mawili mfululizo. Alituletea picha za mwanzo wakati wa chai na sisi hatukumhurumia. Moja ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Nyingine ukuta umetoka safi, kila ufa unauona, kiti chenyewe kimekuwa moshi. Ya nne ilikuwa na kidole chake robo tatu. Mmoja wetu akamwambia kiti kimetoroka lakini kidole kimependeza, akacheka na yeye, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu msiba.

Lakini aliendelea. Mama Pasipoti alimfundisha kupanua na kubana tundu la lenzi, na kasi ya kufungua na kufunga, na zaidi ya yote kuuliza mwanga unatoka wapi kabla ya kuuliza chochote kingine. Siku ya kumi au kumi na moja hivi, jua likiwa limeingia kwa ubavu, alipata picha ambayo alinionyesha mimi peke yangu. Mbao ya kiti ilikuwa imelika upande mmoja, inang'aa, upande wa pili bado ina rangi yake. Akaniambia amekikalia miaka yote hiyo na hakujua kwamba hukaa upande.

Baada ya kiti aliomba kupiga mikono yetu. Msimamizi alisita, na alikuwa na haki ya kusita, kwani hospitali ni mahali pa siri za watu. Akakubali kwa masharti. Iwe wakati wa chai tu, usionekane uso wa mtu, lisionekane shuka lenye alama ya wodi. Ndiyo maana mradi ule ukawa wa mikono mitupu. Wengine waliona haya, wakaenda kupaka mafuta kwanza, naye akawaambia wakanawe warudi. Mimi nilimpa mkono wangu wa kulia, wenye kovu refu la kuungua nililolipata mwaka wangu wa kwanza pale. Sikuwahi kulipenda kovu lile. Nikiwa kwenye sherehe za watu huvaa mikono mirefu. Aliushika mkono wangu, akaugeuza polepole kuelekea mlangoni, akasubiri mpaka nikasahau kama unatazamwa. Aliponipa picha niliipeleka nyumbani. Mume wangu aliitazama, akaniuliza kama bado linauma. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na miwili na hakuwahi kuniuliza.

Mradi wa tatu ndio uliomwingiza matatani.

Alianza kwenda kila Jumamosi nyumbani kwa shemeji yake, mume wa marehemu, ambaye alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole asiyependa makuu. Alimwomba ruhusa ya kupiga picha za vitu vya mdogo wake, naye hakukataa. Akapiga kizingiti ambapo marehemu alizoea kukaa akichambua mboga. Akapiga sakafu mbele ya jiko, ilikopauka kwa kusimamiwa. Akapiga msumari wa mkoba, mkoba wenyewe ukiwa umeshagawiwa. Zilikuwa picha nzuri, Mama Pasipoti mwenyewe alikiri, na Mama Pasipoti hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Miezi miwili ilipita hivyo.

Jumamosi moja alikuwa amepiga magoti chumbani, anatafuta jinsi ya kupata mwanga uliokuwa ukipita chini ya kitanda, shemeji yake akaja akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, unakuja hapa kila wiki kupiga picha mahali ambapo hayupo," alimwambia. "Watoto wanakuona. Wapo humu ndani, na hujawapiga hata moja."

Bi Pasi alifunga kamera, akaaga, akaondoka. Aliiweka kabatini chini ya nguo zake na hakuigusa karibu miezi mitatu. Kazini niliona tu kwamba anaingiza mashuka mshazari, mpaka ikabidi nisimamishe mashine mara mbili kwa siku moja. Ndipo tukatoka nje, akanihadithia. Hakumlaumu shemeji yake.

"Alisema kweli," aliniambia. "Nimeingia nyumba ile miezi miwili, na ukiniuliza yule mtoto alivaa nini hata siku moja, sikumbuki."

Alirudi kule bila kamera. Jumamosi nne au tano alienda mikono mitupu, akafua, akamsuka binti nywele, akamlisha mdogo wa binti huyo, mvulana ambaye alikuwa na miaka minne na ugomvi usiokwisha na kila chakula. Kisha akamuuliza binti kama anaweza kuja na kamera wiki ijayo. Binti akainua mabega, maana yake shauri lako.

Alipokuja nayo, na alipoiinua tu, kiganja cha mtoto kikapanda mbele ya uso. Bi Pasi aliniambia mkono ule ulipanda sawasawa na wa mama yake. Akaishusha kamera. Hakusema ondoa mkono, hakubembeleza. Ikawa ndiyo sheria yao isiyotamkwa, mkono ukipanda kamera inashuka. Kwa hiyo picha za miezi ile ni za kisogo kilichoinamia daftari, za vidole vinavyomfunga mdogo wake kamba za viatu, za mgongo unaocheka. Mama Pasipoti aliona hazina uso, akauliza huu ni mradi gani wa kupiga watu nyuma kama polisi. Bi Pasi akamjibu kwamba hana haraka.

Ilifika siku mkono haukupanda. Hakukuwa na jambo maalumu siku hiyo. Mtoto alikuwa na hesabu iliyomshinda, ameuma penseli, kakunja paji la uso, akainua macho moja kwa moja kwenye lenzi kana kwamba jibu limo mle. Bi Pasi alipiga moja tu, akaiweka kamera chini, akasogea kumsaidia hesabu, ingawa hesabu zilikuwa zimemshinda yeye kabla ya kuzaliwa mtoto. Aliniletea picha ile ndani ya bahasha. Niliitazama nikamrudishia. Sura ilikuwa ya marehemu mtupu.

Mwaka wa pili tangu msiba ulikuwa unakaribia kwisha shemeji yake alipokuja getini mchana, kofia mkononi, akaomba aitiwe. Waliongea kama dakika kumi. Bi Pasi aliporudi kwenye mashine niliona amekuwa mtu mwingine. Wakati wa chai akaniambia kwamba shemeji anaoa, na kwamba amemwomba apige picha ya familia siku watakapomleta mke nyumbani.

Nilimwambia mtu anaweza kukataa jambo kama lile na asilaumiwe na yeyote.

"Nani mwingine awapige?" akaniuliza. "Mama Pasipoti? Atawapanga kama wafungwa."

Hakucheka aliposema hivyo.

Yaliyofuata ninayasimulia kama alivyonisimulia. Mke mpya alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa uso wa mviringo, na wasiwasi ulikuwa umemjaa mpaka hajui aweke wapi mikono. Sebule ni ndogo. Walipojipanga, mwalimu alijibanza pembeni karibu na mlango, ameacha nafasi baina yake na watoto, nafasi ya mtu mzima kabisa. Bi Pasi alitazama kupitia kamera akaona mwanga wa dirisha haumfikii. Akaenda, akamshika mabega, akamsogeza karibu na mtoto wa kiume.

Mwalimu akamnong'oneza, "Dada, kama hupendi nisimame hapa, nitaelewa."

"Pale ulikuwa gizani," Bi Pasi akamjibu. "Simama hapa, uso uonekane."

Binti alikuwa nyuma ya baba yake, nusu ya uso imejificha. Baba akamwambia asogee mbele, Bi Pasi akasema mwache alipo. Akarudi nyuma ya kamera, akarekebisha, akawahesabu kama alivyofundishwa, asije akamkata mtu kichwa. Wanne. Akawahesabu tena. Aliniambia alijikuta anangoja. Hakujua anangoja nini mpaka alipogundua kwamba anamngoja mmoja aingie. Alingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba shemeji akauliza kama kamera imeharibika. Akamwambia ilikwama kidogo, itakaa sawa. Kisha akabonyeza.

Alipiga kumi na mbili. Katika nyingi mtoto wa kiume amefumba macho. Katika aliyoichagua, wanaume wote wawili, mkubwa na mdogo, wanatazama mbele kwa heshima zao, mwalimu anajaribu kutabasamu, na binti hatazami kamera. Anamtazama mwalimu. Si kwa upendo wala kwa chuki. Anamtazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla hajatia mguu. Shemeji aliomba achague nyingine ambayo binti anatazama mbele. Bi Pasi akamwambia hakuna iliyo ya kweli kuliko hiyo, na hiyo ndiyo iliyowekwa fremu.

Siku ile alipomaliza aliaga, akatembea kwa miguu hadi kwake, mwendo wa saa nzima, kamera ikining'inia tumboni. Alilia njiani, akaniambia, na hakujali nani anamwona.

Sasa hivi bado tuko naye kwenye mashine. Amenunua mkanda mpya wa kamera. Mradi wake wa mwaka huu ni watu wanaongoja nje ya geti saa za kuona wagonjwa hazijafika; anawaomba ruhusa mmoja mmoja, na wengi humkatalia. Jumamosi huenda kwa watoto. Mke wa shemeji yake humwita dada. Mwaka wa kwanza Bi Pasi aliitikia kwa kichwa tu. Siku hizi huitika kwa sauti.