Zamu ya Maji ya Shemeji

Nilimvunja shemeji yangu kifundo cha mkono kwa mpini wa jembe, saa nne asubuhi, kwa ajili ya matunda yasiyozidi ukubwa wa limau. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu wapo wanaoisimulia habari hii wakaanzia kwenye maji, na ukianzia kwenye maji utanionea huruma. Sitaki. Mkono wangu ulikuwa mwepesi tangu usichana, na ujane haukuuongezea uzito.

Mume wangu aliniacha kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa huku Uru, pamoja na kipande cha shamba la chini, kule joto linakoanzia, alikopanda mikomamanga minne. Miche aliipata kwa mama mmoja wa Kihindi wa mjini Moshi, ambaye mimi nilikuwa nikimfulia nguo. Watu walimcheka, maana shamba la chini ni la mahindi na maharage. Yeye akasema amechoka kuhudumia kahawa inayokwenda kunywewa na watu asiowajua, anataka mti ambao ataona mtu akila tunda lake. Hakuwahi kuona. Lori alilolipanda kutoka Holili lilipinduka, wakamrudisha nyumbani amefungwa kwenye turubai. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Msibani sikulia hata kidogo. Nilichofanya ni kumchapa kofi dereva alipokuja kutoa pole.

Mwaka wa tatu baada ya msiba ulikuwa katika ile miaka ambayo serikali ilitaka kila kaya ilime chakula, na balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita shamba kwa shamba kukagua. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, akaenda kwa wazee wa ukoo. Akawaambia lile shamba la chini limekaliwa na miti ya mapambo, matunda yake hupasuka kila mwaka kabla ya kuiva, yakaliwa na nyigu na ndege. Akaomba apewe yeye alime mahindi. Kusema kweli hakutia chumvi. Misimu miwili mfululizo yalikuwa yamepasuka yote.

Wazee wakanipa msimu mmoja. Kabla ya masika watakuja kutazama. Wakikuta makomamanga mazima, shamba linabaki mikononi mwangu. Wakiyakuta yamepasuka, miti itakatwa na shamba litakwenda kwa shemeji. Ardhi yote ilikuwa ya ukoo, hilo nililijua siku nilipoolewa. Lakini ile miti minne ilikuwa kitu pekee duniani ambacho mume wangu alikifanya bila kumuuliza mtu yeyote isipokuwa mimi.

Nilimweleza mama wa Kihindi. Alikuwa mjane kama mimi, mwembamba, na alizungumza Kiswahili cha kwao.

"Wewe napenda mti sana," aliniambia. "Mti nashiba, nalala. Kwanza tesa. Nyima maji, miezi miwili. Majani yote naanguka, wewe hapana lia."

"Na ukifa?"

"Hapana kufa. Naogopa kufa, ndiyo natoa maua."

Akanieleza na mengine. Miti ikipukutika niikate matawi membamba yaliyosongamana, ndipo niinyweshe na kuitilia samadi. Matunda yakija mawili matatu mahali pamoja, nibakize moja tu. Linalobaki nilivike mfuko wa kitambaa, nondo asipate pa kutagia. Na maji, tangu tunda likue hadi liive, yawe kidogo na ya kila siku. Ngozi ya komamanga ikikaukiwa halafu ikaja gharika, punje za ndani hunywa upesi kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, na tunda linapasuka. Ndiyo maana yetu yalikuwa yakipasuka. Sisi watu wa mlimani tukipata zamu ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, tunafungulia maji mpaka shamba linageuka bwawa, kisha tunasubiri wiki mbili zamu irudi.

Nikaanza kutesa. Sitadanganya kwamba iliniuma. Julai na Agosti niliikausha miti ya mume wangu mpaka majani yakawa manjano yakadondoka, na kila asubuhi nilishuka kuitazama nikasikia raha mbaya moyoni, ile ya kuona kumbe na kitu kingine kinaweza kuteseka. Nilikuwa nimemkasirikia marehemu kwa kufa. Ilipofika zamu ya kukata matawi nilikata kwa kisu cha migomba, miiba ikanichana mikono hadi kwenye kiwiko, na mimi nikaitukana miti kwa Kichagga kama watu.

Zamu yangu ya mfongo nikawaachia majirani. Hilo ndilo lililowaudhi watu kuliko yote. Mfongo wetu ulichimbwa na mababu kwenye mwamba, watu wawili walikufia humo, na mtu anayekataa maji yake ni kama ametemea mate makaburi. Ile miezi miwili ilipokwisha nikawa nachota kwa ndoo, asubuhi na jioni, ndoo mbili kwa kila mti.

Maua yalitoka mengi, mekundu, sijapata kuona. Novemba vitunda vilikuwa vimeshikana vitatu vitatu. Nikaanza kuvinyofoa na kuvitupa chini. Ndipo shemeji alipopita.

"Unafanya nini, wewe mwanamke?"

"Napunguza."

"Unapunguza! Miaka mitatu miti haizai, leo imezaa unatupa? Unaua mali ya mdogo wangu!"

"Mdogo wako amekufa. Toka hapa."

Akanishika mkono kunizuia. Nikamsukuma. Akanizaba kofi moja, sikio likalia kama filimbi, na kabla halijanyamaza nilikuwa tayari nimeshika jembe. Nilipiga kwa mpini, hilo nililichagua, nakumbuka kabisa nilichagua mpini. Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Alikaa chini palepale juu ya vile vitunda, akaushika mkono wake, akasema "Yelewi," polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mimi niligeuka nikaendelea kunyofoa.

Hakunishtaki popote, si kwa balozi wala kwa wazee. Mkono ulifungwa vibanzi na mzee mmoja wa kule juu, na ulipofunguliwa vidole havikukunjika tena. Mtu huyo alikuwa mkulima. Nilimwona Januari akijaribu kupalilia kahawa kwa mkono wa kushoto, jembe likimponyoka na kuanguka. Nilipita bila kumsalimia.

Vitambaa vya mifuko vilikuwa taabu. Miaka ile hata kanga ilikuwa ya kubahatisha dukani. Nilichukua mashati ya marehemu, yote manne, nikayachana. Mikono ya mashati ilitoa mifuko mizuri, maana ilikuwa tayari imeshonwa pande mbili. Kutoka mbali ungedhani mtu amekatwakatwa akaning'inizwa mtini. Wanawake waliotoka kuchota maji walivuka upande wa pili wa njia.

Februari matunda yalikuwa yamejaa kiganja, ngozi imeanza kuwa nyekundu, na hakuna hata moja lililokuwa na ufa. Wazee walisema watakuja Jumapili. Alhamisi nilishuka mjini kumwonyesha mama wa Kihindi tunda moja. Alilipima mkononi, akaligonga kwa kucha, akasikiliza. Akasema, "Bado siku kumi. Linda." Alicheka, na mimi nikacheka. Nadhani ndiyo siku pekee niliyocheka mwaka ule.

Niliporudi alasiri niliona shamba la chini linameremeta. Nikafikiri macho yamechoka na jua. Kisha nikasikia miguu yangu inaingia kwenye tope.

Shemeji alikuwa amesimama katikati ya miti, suruali imekunjwa hadi magotini, maji yamemfika kwenye vifundo. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshika isale, lile jani refu tunalopanda mipakani, amelifunga fundo. Kwetu mtu akikujia na isale lililofungwa fundo, maneno yamekwisha. Hata kama alimuua mwanao, unalipokea. Anayelikataa anaogopwa kuliko muuaji.

"Shemeji," alisema, "ni Kwaresima. Padri ameniambia siwezi kupokea komunyo kabla ya kupatana nawe. Mimi ndiye niliyeanza kukupiga, mke wa mdogo wangu. Na nimekupa zamu yangu. Yote, tangu asubuhi. Sikubakiza hata tone."

Februari ile mfongo ulikuwa umepungua, watu walikuwa wakigombana kwa kikombe. Maharage yake mwenyewe yalikuwa yakinyauka huko juu. Alikuwa ametoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyefanya vizuri.

Nilikimbilia mti wa kwanza, nikafungua mfuko. Ngozi ilikuwa imekaza, inang'aa kama jipu. Nikajua kesho asubuhi itakuwaje. Damu ikanipanda mpaka nikaona giza. Nilirudi, nikalinyakua lile isale mkononi mwake, nikamchapa nalo usoni. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Ukingo wa jani ulimchana kope, damu ikamtiririkia mdomoni. Hakuinua mkono. Nikalitupa isale kwenye tope nikalikanyaga, nikachukua jembe nikaanza kuchimba mitaro ya kuyatoa maji. Nilichimba mpaka malengelenge yakapasuka. Yeye alibaki amesimama, hakuelewa kitu.

Asubuhi yalikuwa yamepasuka, mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mifuko ilikuwa imelowa wekundu, mikono ya mashati ya mume wangu. Mti wa nne sikuufikia. Sikuwa na nguvu ya kutazama zaidi.

Jumapili baada ya misa wazee watatu wakaja. Nikawaamkia shikamooni, wakaitikia. Walifungua mifuko michache, wakatikisa vichwa. Mkubwa wao alichukua tunda lililopasuka, akala punje, akatema mbegu.

"Tamu," alisema, kama vile hilo lilimsikitisha.

Ndipo shemeji akasogea mbele. "Wazee, msimhukumu. Ni mimi niliyeyapasua. Nilimwaga maji, kumbe hayatakiwi."

Wazee wawili wakacheka. "Maji? Tangu lini maji yakaharibu shamba?"

Lakini yule mkubwa hakucheka. "Mtu anayelitaka shamba anajisemea mwenyewe vibaya mbele ya ukoo," alisema. "Hilo si jambo la kupuuza. Tunaweza kumwongezea mama huyu msimu mmoja." Kisha akauliza, "Nasikia ulimpelekea isale. Mmepatana?"

"Tumepatana, mbee," shemeji akajibu. "Alilipokea."

"Na huo uso?"

"Miiba ya miti hii."

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza tu, kama mtu aliyechoka, na shamba lingekuwa langu mwaka mwingine, na mwaka huo yangekuwa mazima, maana nilishajua kazi yake. Wote walikuwa wakinitazama, na shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, amenisitiri kwa uongo, wiki chache kabla ya Pasaka yake. Na mimi sikuweza kuvumilia kwamba nitaishi kwenye lile shamba kwa hisani ya mkono nilioumaliza.

"Mwongo," nikasema. "Nilimchapa nalo usoni. Liko pale kwenye tope, nendeni mkalitazame."

Mzee mkubwa alikwenda mwenyewe, akainama kwa shida, akaliokota, akalifuta kwa koti lake. Fundo lilikuwa bado limefungwa. Alilishika kama mtu aliyeokota mtoto. Hakunipandishia sauti. Alisema shamba ni la shemeji tangu siku ile, na miti ikatwe kabla ya masika.

Niliomba jambo moja, niikate mwenyewe. Jumatatu nilishuka na shoka. Shemeji alikuja bila kuitwa, na panga mkono wa kushoto, akawa anakusanya matawi. Mkomamanga ni mgumu kuliko unavyoonekana, shoka linadunda, na nilipiga kila mti kama nilivyopenda kumpiga mtu fulani, ila sikujua tena ni nani.

Mti wa nne ulikuwa kwenye mwinuko, na maji yalikuwa hayajaufikia vizuri. Ulipoanguka, mfuko mmoja mdogo ulibaki ukining'inia. Nilikuwa nimeushona kutokana na mfuko wa kifuani wa shati lake la Jumapili, na kifungo chake kilikuwa bado kipo. Nikafungua kifungo. Komamanga lilikuwa zima, jekundu, zito, bila mkwaruzo. Hivyo ndivyo yangekuwa yote.

Nilikaa pale chini nikaanza kulia, kilio ambacho sikukitoa msibani. Shemeji alisimama akisubiri. Kilipokwisha nikanyanyuka, nikamfuata. Maneno sikuwa nayo, na isale lake lilikuwa kwa wazee.

"Chukua," nikamwambia.

Alilaza panga chini ili mkono wa kushoto uwe huru. Kisha akaona haya. Kwetu kitu cha heshima hakipokelewi kwa kushoto, na alikuwa mtu wa adabu mpaka mwisho wa maisha yake. Akanyoosha ule wa kulia. Nikaliweka tunda kiganjani, nikaachia. Vidole havikukunjika. Liliangukia kisiki, likapasuka, punje zikatawanyika kwenye vumbi, na hakuna kati yetu aliyeinama kuziokota.