Kiu ya Muuaji

Nundu alikuwa mchinjaji, mtu wa shingo nene na mikono mizito, na ndiye aliyewafundisha Maandiko vijana wa kanisani kwao. Maneno ya mwisho ya Yesu msalabani aliyajua yote kwa moyo, ila lile la "Naona kiu" alilipita mbiombio. Alilionea haya. Mwana wa Mungu mzima, alalamikie maji?

Kisha mnunuzi wa ngozi akamchoma kisu mdogo wake Nundu, mlemle machinjioni, kwa ugomvi wa ngozi iliyotoboka. Kijana wa watu akafa ameshika tumbo. Muuaji akatimua mbio.

Asubuhi moja walimkuta amejibanza nyuma ya zizi la machinjio. Wachinjaji wakamburura hadi ndani, kwenye sakafu ya damu. Nundu ndiye aliyeanza. Ngumi moja tu, pua ikavunjika. Wenzake wakaingia na ndoano za kutundikia nyama, moja ikamchana bega mpaka mfupa ukaonekana.

"Leo utajua ngozi inavyochunwa, mnunuzi!" mmoja akamcheka.

"Mwachieni Nundu ammalize. Aliyekufa ni mdogo wake!"

Nundu akamkalia kifuani, akamwekea kisu kooni. Yule mtu midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umekauka kama kigae. Hakuomba kuachwa.

"Kaka, maji," alisema. "Maji tu. Halafu fanya unalotaka."

Mkono wa Nundu ukasita. Pale kazini mnyama hachinjwi akiwa na kiu. Hata fahali aliyemvunja mtu mbavu hunyweshwa kwanza. Ndipo akaona kile ambacho miaka yote ya kufundisha hakukiona. Yesu hakuwa akilalamika. Alikuwa ameshuka hadi chini kabisa, kwa mtu aliyepigwa hata hana la kuomba ila maji, akakaa naye hapo. Na huyu hapa alikuwa hapo hapo, chini ya magoti yake.

Akatupa kisu, akachota maji kwa kopo, akamwinua kichwa. Yule mtu akanywa, maji yakamtoka puani pamoja na damu.

"We Nundu, umerogwa?"

Teke likamkuta mgongoni, ndoano ikampasua sikio. Akamlalia yule mtu, akapigwa yeye, wala hakubanduka mpaka polisi walipofika.

Nyumbani mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Umemnywesha aliyeniulia mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Akamzaba kofi. Akamzaba la pili, na jingine, mpaka kiganja kikamwuma mwenyewe. Nundu hakukinga uso.

"Sema basi! Si wewe ndiye mwalimu?"

"Mama, ningemchinja, nani angerudi hapa nyumbani leo? Ungekuwa umetupoteza wote wawili."

Mama akamkamata shati kifuani, limeloa damu isiyojulikana ya nani, akamtikisa, akamtikisa, akimtukana na kumlilia mwanawe aliyekufa, hata nguvu zikamwishia, akamwangukia kifuani.