Nilimsikia Akiomba Maji

Nilipokwenda mji wa Mutsamudu, kisiwani ng'ambo ya bahari, kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Hombo, nilikuwa na miaka ishirini na sita, na moyoni nilikuwa nimekwisha kujitoa kwa Mungu. Sikuwa mtawa. Nilikuwa Mkristo wa kawaida kutoka Mombasa, mwimbaji wa kwaya, niliyeamini kwamba nikikubali kwenda mbali Bwana atanitumia kwa jambo kubwa.

Siku ya kwanza daktari mkuu aliniita ofisini. "Dini yako ni yako," akasema. "Wagonjwa ni wetu sote." Nilimwelewa. Mji mzima ulikuwa wa Waislamu, na kuhubiri kulikatazwa. Basi nikawa nasali peke yangu alfajiri, chumbani, katika nyumba ya mama mmoja mjane niliyepanga kwake, ndani ya vichochoro vya mji wa kale. Mama yule alikulia Unguja, akarudi kwao baada ya mapinduzi ya huko, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Akinikuta nimepiga magoti, alirudisha mlango taratibu.

Enzi hizo askari wa kukodiwa, wazungu, walikuwa na nguvu kuliko serikali yenyewe. Mchana mmoja walimsimamisha mkwe wa mama yule, mwalimu wa shule, kwenye kizuizi cha barabarani. Alijibu neno wasilolipenda. Aliletwa wodini kwetu mbavu mbili zimevunjika, na kwa siku tatu hakuweza kucheka wala kukohoa. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Nilimwombea, na kusema kweli niliwaombea mabaya waliompiga.

Siku ya nne wakatuletea mmoja wa askari hao, anatetemeka kwa malaria kali. Ndege ya kumpeleka Moroni, mji mkuu kwenye kisiwa kingine, ilikuwa imezuiwa na mvua. Tukamlaza katika chumba kidogo mwisho wa wodi. Wauguzi wenzangu walipita pale kama hakuna mtu. Mimi nilimchoma sindano, nikaandika joto lake kwenye karatasi, nikatoka.

Nilikuwa nakunja mashuka mlangoni aliposema, kwa Kifaransa cha sauti ya kukauka, "Maji. Tafadhali, maji." Mtungi ulikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Nikakunja shuka lingine. Akaomba tena. Nikajiambia ngoja kwanza nimalize, na mashuka yalikuwa mengi.

Saa hiyo mama mwenye nyumba wangu alikuwa amemletea mkwewe uji. Nilimwona akinyanyuka, shiromani yake, nguo ya kujitanda ya wanawake wa huko, ikiburuta sakafuni, akipita mbele yangu na birika mkononi. Akaingia chumba kile, akamwinua mgonjwa kichwa, akamnywesha kidogo kidogo. Mkwewe akamwita kutoka kitandani kwake, kwa lugha yao, ambayo nilikuwa nimeshaanza kuielewa:

"Mama, unamjua huyo ni nani?"

Birika likasimama hewani. Akamtazama yule mtu usoni, kwa muda mrefu. Nilidhani atamwachia kichwa kianguke.

"Sasa namjua," akajibu. Akaendelea kumnywesha mpaka birika likaisha.

Nilichukua beseni na kitambaa, nikaingia, nikamfuta askari yule jasho usoni na shingoni. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo kabla moyo haujakubali. Mwisho wa zamu moyo ulikuwa bado nyuma. Kesho yake mvua ilikatika na ndege ikamchukua. Sikupata kujua kama alipona.

Jioni ile ile ya birika, nyumbani, mama alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini mbele yake.

"Mama, nilimsikia akiomba. Mara mbili."

"Najua, mwanangu. Nilikuona."

"Hukunikasirikia?"

"Nilikuwa nimemkasirikia yeye. Hasira hazikunitosha za watu wawili." Akasogeza sinia katikati yetu. "Nisaidie huku, macho yangu hayaoni mawe."

Tukachambua pamoja. Nililia huku nikitoa mawe.

Mwalimu aliruhusiwa baada ya wiki mbili, akarudi kufundisha akiwa anakaa upande kwa sababu ya mbavu. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Moroni. Huko tulikuwa Wakristo wachache, wote wageni, tuliokutana Jumapili kwenye nyumba ya mmoja wetu. Waliponiomba nizungumze juu ya maisha ya kumtumikia Mungu, nilitarajia kueleza nilivyojitoa kwa Mungu na safari yangu. Nikajikuta nasimulia yale mashuka.

Tangu hapo sala yangu ya asubuhi imekuwa fupi. Siombi tena kutumiwa kwa jambo kubwa. Naomba nisikie mtu anapoita, na nikisikia, niende.